Vita, maradhi na joto la dunia: ni habari tatu au ni habari moja?

1. Mwalimu wa Makorora (Tanga)

Habari zenu, wanajamvi.

Mama yangu ana miaka sabini na tisa, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku haimpiti. Redio yake hukaa juu ya kabati la vyombo, waya wa eria umefungwa kwenye nondo ya dirisha, na mtoto akipita karibu na waya ule hufukuzwa. Zamani akishaizima alikuwa akizungumzia bei ya samaki au ndoa ya mtu. Siku hizi hukaa kimya kwanza, kisha huniuliza maswali ambayo mimi, niliyefundisha jiografia kwa miaka thelathini na mmoja, siyawezi.

Wiki iliyopita alisikiliza habari za vita vya El Fasher, kule Sudan, zikafuata za nyuzi joto za dunia, kisha za ugonjwa wa mlipuko. Akaizima kabla ya michezo, akaniuliza: "Mwanangu, haya ni mambo matatu, au ni jambo moja linabadilisha kanga?" Nikamjibu kwamba ni matatu. Akasema: "Basi mbona hayaachani?"

Nimekaa na swali hilo siku sita. Nawaombeni mnisaidie, na tafadhali msinijibu kwa neno moja.

2. Karani wa Mkonge (Ngomeni, Muheza)

Mwalimu, mpe mama shikamoo yangu. Swali lake ni zuri, lakini limebeba dhana kwamba mambo haya ni mageni, na kwetu sisi wa Tanga si mageni hata kidogo. Novemba 1914 Waingereza na askari wao kutoka India waliteremka hapo Raskazone wakapigwa na jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck, nyuki nao wakaingia vitani, na ugomvi wenyewe ulikuwa umeanzia Ulaya kwa watu ambao babu zetu hawakuwajua.

Mkonge wenyewe, ambao Mjerumani Hindorf aliuleta huku mwaka 1893, ni historia ya vita vya watu wengine. Wajapani walipoiteka Ufilipino na Java mwaka 1942, nyuzi za manila za kusokotea kamba zikakosekana, mkonge wetu ukageuka kuwa bidhaa ya vita. Mwaka 1950 vita vya Korea vilipoanza bei ikaruka tena, na babu yangu, aliyekuwa mkata mkonge, akanunua baiskeli mpya. Baiskeli ile ilikuwepo nyumbani mpaka mimi nilipojifunzia. Babu aliondoka duniani bila kujua Korea iko upande gani. Kisha vita vikatulia, kamba za nailoni na plastiki zikaingia, mashamba yakageuka vichaka.

Kwa hiyo mimi nasema dunia haijabadilika. Kilichobadilika ni redio.

3. Barazani Ngamiani

Ndugu zangu, mnazunguka mbuyu. Msikitini tumefundishwa na kanisani wamefundishwa kwamba mwisho una alama zake, na miongoni mwa alama hizo ni mauaji kuzidi, njaa kuzidi na ardhi kutikisika. Mama wa Mwalimu ameuliza jambo ambalo jibu lake analijua, ila anataka kuona kama mwanawe aliyesomeshwa analijua.

4. Karani wa Mkonge

Mzee wangu wa bandiko la 3, sikupingi katika imani. Nakumbusha tu kwamba mwaka 1918, vita vikiwa ukingoni na mafua makali yakiua watu duniani kote, nao walisema zimebaki siku chache.

5. Muuguzi wa Pwani (Bagamoyo)

Karani, umejifunga goli mwenyewe. Umeleta mfano wa mwaka 1918 kuonyesha kwamba hakuna jipya, lakini mfano huo unampa mama ushahidi anaoutaka: mafua yale yalisafiri ndani ya meli na magari moshi ya kijeshi, yakawakuta askari wamebanana kambini na wapagazi wetu wamedhoofika kwa njaa. Vita ndivyo vilivyoyabeba. Huo ni ugonjwa na vita katika kanga moja.

Nitarudi jioni nikitoka zamu, nina la kusema kuhusu maradhi.

6. Mama Bajia (Barabara ya 12, Tanga)

Mimi sikusoma sana lakini najua vita viliingia jikoni kwangu lini. Nakaanga bajia na kachori tangu mwaka 2009. Mwaka 2022, mwezi kama wa nne au wa tano, ndoo ya mafuta ya lita ishirini niliyozoea kununua kila baada ya siku nne ilipanda mpaka nikalazimika kununua kwa lita, huku nikipima kwa jagi. Sikuweza kupandisha bei kwa sababu wanafunzi wana mia zao za kuhesabu, kwa hiyo nikapunguza bajia. Nilibadilisha kijiko cha kuchotea, nikachukua kile cha chai. Mteja mmoja mtu mzima alizipanga tano kwenye kiganja akaniuliza kama nazo zinafunga.

Nikiuliza dukani naambiwa Ukraine. Sijui Ukraine na bajia ya dengu vinakutana wapi, lakini walikutana.

7. Wakala wa Bandarini (Tanga)

Mama Bajia, pole, ingawa hiyo ya bajia kufunga nimeicheka peke yangu ofisini. Naomba nirekebishe kidogo, maana nusu ya lawama uliitupa pasipo. Ni kweli Ukraine ilikuwa inaongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti, na Urusi ilipoivamia tarehe 24 Februari 2022 mafuta hayo yalikwama Bahari Nyeusi. Lakini mafuta mengi tunayokaangia huku ni ya mawese, na hayatoki Ukraine. Wanunuzi wakubwa walipokosa alizeti waliyakimbilia mawese, bei ikapanda kila mahali, na Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ikaogopa watu wake wasikose, ikazuia kuyauza nje kuanzia mwisho wa Aprili mpaka karibu mwisho wa Mei mwaka ule ule. Huo ndio mwezi wako wa nne au wa tano.

Habari ya vita ilipotoka Ulaya ikapitia Asia, ndipo ikafika Barabara ya 12 na kijiko cha chai. Na ninyi wa mitumba mnakumbuka kwamba Novemba 2023 meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, nyingi ziliacha mfereji wa Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikaongezeka kwa wiki moja na zaidi. Marobota yaliyotoka Ulaya yalichelewa, na mteja hakutaka kusikia habari za Rasi.

8. Nahodha wa Kigombe

Mnazungumza bei, mimi nizungumzie bahari. Mei 2024 kilikuja kimbunga Hidaya, na hicho ndicho kimbunga cha kwanza kufika nchi hii tangu dunia iumbwe. Tulivuta mashua mpaka kwenye minazi. Kama hilo si jipya, Karani, basi jipya ni lipi?

9. Mkongwe wa Kaole (Bagamoyo)

Nahodha, kwa heshima zote, si cha kwanza. Aprili 1872 kilipita kimbunga kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ndipo Pemba ikashika usukani wa karafuu mpaka leo, na huku kwetu Bagamoyo kikabomoa majengo ya misheni. Aprili 1952 kingine kikapiga Lindi. Baadaye kukawa na Jobo, Aprili 2021, kilichotangazwa kwamba kinakuja pwani hii hii. Tulikaa ndani kukisubiri, kikafia baharini, na wiki nzima vijana wakaicheka Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Nadhani kicheko kile kilitudhuru. Hidaya ilipotangazwa, jirani yangu alisema, "Ni Jobo mwingine huyo."

10. Mwalimu wa Makorora

Asanteni. Hapa angalau somo langu lina la kusema. Vimbunga vinahitaji mzunguko wa dunia kuvisokota, na nguvu hiyo ni dhaifu mno karibu na ikweta. Tanga ipo kwenye nyuzi 5 kusini, Lindi imekaribia nyuzi 10. Tena Madagaska imekaa mbele kama ukuta. Ndiyo maana kwetu ni nadra, na ndiyo maana Nahodha na Mkongwe wote wawili wana haki: kimoja katika miaka themanini hakitoshi kumwambia mtu kwamba hali imebadilika, wala hakitoshi kumwambia kwamba haijabadilika.

Linalojulikana kwa vipimo ni joto. Mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, wastani wa dunia ukawa juu kwa takriban nyuzi 1.55 kuliko enzi za kabla ya viwanda, wakati mkataba wa Paris wa mwaka 2015 ulitaka tujitahidi tusipite 1.5. Mama aliposikia 1.55 aliguna akasema kwamba hata homa ya mtoto huanza hivyo hivyo.

11. Muuguzi wa Pwani

Nimerudi. Mama wa Mwalimu amenipunguzia kazi, maana nilikuwa natafuta mfano wa homa.

Katika maradhi nawaombeni mtenganishe vitu viwili, ugonjwa kuongezeka na habari za ugonjwa kuongezeka. Marburg ilipotangazwa Kagera mwaka 2023, na tena Januari 2025 kule Biharamulo, watu waliniuliza ni nani ameitengeneza. Haikutengenezwa. Ilitambuliwa mwaka 1967 kwa wafanyakazi wa maabara za Ujerumani na Yugoslavia waliogusa tumbili waliotoka Uganda, na virusi vyake hukaa kwa popo wanaokula matunda. Ilikuwepo. Zamani kijiji kingepoteza watu tisa, wakasema kumeingia kitu, yakaishia hapo. Sasa kuna maabara, kuna tangazo, na mama anasikia kabla ya michezo.

Lakini dengue siiweki kundi hilo. Mwaka 2019 iliwashika watu wengi Dar es Salaam na Tanga, na mbu wake huuma mchana, huzaliana kwenye maji safi ya tangi na matairi, na hupenda joto. Kila tunapojenga ovyo na kuweka maji kwenye madumu kwa sababu bomba halitoki, na kila joto linapopanda, tunamtandikia kitanda.

Kuna jambo jingine linaniuma. Chanjo ya malaria, ile ya kwanza duniani, ilijaribiwa Korogwe na hapa Bagamoyo kwa watoto wetu, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha. Ya pili, R21, nayo ilipita Bagamoyo, ikakubaliwa mwaka 2023. Sikusikia mtu hata mmoja akiizungumzia barazani. Ingekuwa imeua mtoto mmoja, mngeijua kwa jina.

12. Barazani Ngamiani

Hilo la mwisho nakubaliana nawe, binti yangu, na sikubaliani na jingine lolote.

13. Bwana Shamba Mstaafu (Korogwe)

Nimesoma tangu la kwanza, na naona kila mmoja ameshika mguu wake wa tembo. Nitaleta kisa kimoja ambacho nilikifuatilia kwa sababu za kazi, halafu mama aamue.

Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu wa Mei na Luban wa Oktoba, vilipiga kusini mwa Uarabuni na kumwaga maji kwenye jangwa ambalo hupitisha miaka bila kuona mvua. Jangwa likachipua, nzige wakazaliana mara kadhaa bila mtu kuwaona. Wakahamia Yemen, na Yemen ilikuwa vitani, kwa hiyo wanyunyiziaji dawa hawakuweza kufika kila mahali. Mwisho wa mwaka 2019 bahari ya upande wetu ilikuwa na joto lisilo la kawaida huku upande wa Indonesia ukiwa baridi, hali inayotuletea vuli nzito sana, na Pembe ya Afrika yote ikawa kijani; nzige wakavuka wakakuta meza imeandaliwa. Mwaka 2020, dawa zilipohitajika kwa haraka, Uviko ukawa umefunga viwanja vya ndege. Mapema mwaka 2021 makundi yalifika kaskazini mwa nchi yetu, Longido na Simanjiro.

Humo ndani kuna hali ya hewa, kuna vita, kuna ugonjwa, na mdudu mmoja amepita kote. Mimi nilikuwa nimeshastaafu, lakini niliamka usiku nikatoka kuangalia mahindi yangu kwa tochi, na nzige hawakuwahi kufika Korogwe.

14. Karani wa Mkonge

Bwana Shamba, kisa kimenyooka mno, na kilichonyooka mno hunitia shaka. Nzige walikuwa wanakuja Afrika Mashariki tangu enzi za Farao. Umechagua mwaka ambao mambo matatu yalikutana. Taja na miaka ambayo hayakukutana.

15. Bwana Shamba Mstaafu

Ni haki yako kudai. Sisemi vimbunga vile viwili vililetwa na kiwanda fulani. Nasema kwamba hali ya hewa ilianzisha, vita vikazuia tiba, na ugonjwa ukachelewesha dawa. Ondoa kimoja, na nzige wale wangekuwa habari ndogo ya Yemen.

16. Kijana wa Chongoleani

Wazee, mnazungumza nzige na bomba la mafuta ghafi linaishia kijijini kwetu. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ambapo 1,147 ziko Tanzania, na lazima lipashwe joto njia nzima kwa sababu mafuta yale huganda kama samli. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga, kwa hoja za mazingira na haki za watu. Mwaka ule ule, gesi ya Urusi ilipopungua, nchi za Ulaya zilikuwa zikizunguka Afrika kutafuta gesi, na Ujerumani ikarudisha kazini mitambo ya makaa ya mawe. Mimi nilipata kibarua kwenye ujenzi kwa miezi minane, nikaezeka nyumba ya mama yangu. Nani aniambie nimeharibu hewa?

17. Bi Mwani (Mlingotini, Bagamoyo)

Mwanangu, hakuna anayekulaumu kwa bati la mama yako. Lakini njoo Mlingotini nikuonyeshe kamba zangu.

Tulianza na mwani mnene, ule wanaouita kotonii, wenye bei nzuri. Maji ya kina kifupi yakipata joto sana, kiangazi cha kaskazi, ncha zake zinakuwa nyeupe, laini kama uji, na ukivuta kamba unabaki na kamba. Unapanda leo, siku kumi unakuta umekatika. Wengi tumebaki na spinosamu, ambao unavumilia lakini bei yake ni ya kusikitisha. Tukiambiwa twende maji ya kina kirefu yaliyo na ubaridi, huko kunataka mashua na kunataka mtu anayejua kuogelea, na wengi wetu ni wanawake watu wazima ambao bahari tuliifuata kwa miguu wakati wa kupwa.

Sijui ni nani ameipasha bahari. Najua si mimi, na kama ulivyosema, pengine si wewe. Basi tukae upande mmoja wa jamvi.

18. Kijana wa Chongoleani

Bi, shikamoo. Sina jibu.

19. Wakala wa Bandarini

Nirudi kwa Muuguzi, aliposema tutenganishe tukio na habari zake. Vita vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023 na vimewahamisha zaidi ya watu milioni 10, lakini kwa muda mrefu habari zake zilikuwa sekunde chache baada ya Ukraine na Gaza. Goma, kule Kongo, ilipoanguka mikononi mwa waasi mwisho wa Januari 2025, siku chache baadaye marais walikutana Dar es Salaam, na hapa bandarini watu walikuwa wakibishana juu ya Trump. Kwa hiyo hata hicho anachokisikia mama "pamoja" kuna mtu mwingine aliyekipanga pamoja, katika chumba fulani, kwa vipimo vyake.

20. Muuguzi wa Pwani

Trump naye alifika kliniki, Wakala. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, katika kituo kimoja ninachokifahamu wahudumu waliokuwa wakifuatilia wagonjwa majumbani waliambiwa kazi imesimama. Mmoja alinikabidhi daftari lake la majina akaniomba nisilipoteze. Hilo halikuwa vita, wala joto, wala kirusi. Mama atalivisha kanga gani?

21. Nahodha wa Kigombe

Nimekubali kusahihishwa kuhusu kimbunga. Lakini kuna jambo halihitaji redio, na mama wa Mwalimu kama ni mtu wa pande zetu atalijua. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na msitu wa mivinje na kasa wakitaga kwa wingi, mpaka mwaka 1975 kikawekwa hifadhi. Leo ni fungu la mchanga. Maji yakijaa unapita juu yake na mashua. Mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasizame. Mimi nasema bahari imepanda.

22. Bwana Shamba Mstaafu

Kisiwa kile kilipotea miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, Nahodha, kabla joto halijafika hapa lilipo. Watu walikata miti, mchanga ukakosa mizizi ya kuushika, kusi ikauchukua. Au ni mkondo tu uliohama, maana mafungu ya mchanga huhama. Yote matatu yamesemwa na watu wenye akili zao.

23. Mwalimu wa Makorora

Jana usiku nimemsomea mama uzi wote, na redio ilikaa kimya kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Alicheka kwenye bajia. Kwenye daftari la yule mhudumu aliniambia nirudie kusoma.

Tulipofika Maziwe akaninyamazisha. Yeye ni mzaliwa wa Pangani, na alifika pale akiwa msichana, katika mashua ya mjomba wake, wakapika pweza chini ya mivinje, na anasema kivuli kilikuwa kizito hata mchanga wa chini ulikuwa baridi. Alirudi tena baada ya kujifungua mtoto wa pili. Safari hiyo mivinje ya pembeni ilikuwa imesimama mizizi ikiwa nje, mirefu, kama miguu ya kaa, na ilikuwa haijaguswa na shoka. Iliyoanguka ndiyo watu waliyoikata kuni. Kwa hiyo, kwa maneno yake, "Bwana Shamba amekuja msibani baada ya maziko."

24. Nahodha wa Kigombe

Mwambie mama nimefurahi, ila marehemu baba yangu alisema kinyume, kwamba mashoka yalitangulia, na yeye mwenyewe aliwahi kubeba nguzo za mivinje kutoka pale. Bamvua ijayo maji yatakupwa sana na fungu litakuwa wazi kwa saa kadhaa. Kama anaweza kupanda mashua, nitamchukua bila nauli, anionyeshe mivinje ilikuwa wapi.

25. Mwalimu wa Makorora

Nimemwambia. Ameuliza kama mashua yako ina turubai, kwa sababu kule hakuna kivuli tena.